If na would hazikai chumba kimoja

Juzi nimepata meseji ya binti anayesoma diploma ya utalii hapa Moshi. Ameandika, "Shikamoo kaka, Jumatatu nina intavyu Arusha, kila kitu nakiweza ila hizi sentensi za if zinanichanganya, taipu 1, taipu 2, taipu 3, nazikariri asubuhi jioni zimeshapotea, naomba unisaidie." Nikaanza kumjibu kwa kifupi, nikajikuta naandika mpaka simu inataka kuzima, basi nikaona niiweke hapa kabisa maana najua mko wengi, na wengi wenu mnataka kile kile nilichokitaka mimi, kutoka kwenye kubeba mizigo na kuanza kuongoza wageni.

Mimi hizi sentensi zilininyima kazi. Sitafuti huruma, ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka mitatu mlimani Kilimanjaro kama mpagazi, mgumu kama tunavyoitana wenyewe, kilo 20 kichwani, njia ya Machame naijua hata taa ikizimwa. Kampuni moja ya Arusha ikatangaza nafasi za waongoza wageni wasaidizi. Nikaenda, shati limepigwa pasi, viatu vya kuazima. Mezani watu watatu. Wakaniuliza mambo ya miti na ndege nikajibu, kilele cha Uhuru mita 5,895 nikajibu, roho ikatulia kabisa. Halafu yule wa katikati akauliza, "What would you do if a client got sick at night?"

Jibu nalijua! Nimeshashuka usiku na wageni waliozidiwa, zaidi ya mara moja, nimeshika machela kwa mikono yangu hii. Nikafungua mdomo nikasema, "If the client would get sick I will called the guide, and if he would not breathe well we would went down." Yule bwana akamwangalia mwenzake, akarudia taratibu "we would went", wakacheka. Kicheko cha chini kile, cha kuangaliana. Baada ya hapo sikusikia swali lingine lolote, masikio yaliziba. Wakasema tutakupigia, hawakupiga mpaka leo. Kwenye kosta ya kurudi Moshi, kuanzia Usa River mpaka Boma Ng'ombe, nilikuwa nairudia ile sentensi kichwani nikitafuta kosa liko wapi na silioni, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilichosema kilikuwa sahihi, mgonjwa anashushwa, ndo dawa yake ya kwanza, wale watu waliniacha kwa sababu ya would.

Hapo ndo nikaanza kujifunza kwa hasira. Nikanunua kadaftari kadogo, nikawa nikipanda na wageni nasikiliza tu, kila mzungu akitamka if naikariri, tukifika kambini naiandika. "If I had known it was this cold, I would have brought another jacket." "If we start at midnight, what time will we get there?" "If I were twenty years younger, I'd run." Nikaandika hivyo karibu mwaka mzima, kurasa na kurasa, halafu siku moja nimekaa nyumbani napitia nikaona kitu ambacho mwalimu wangu wa sekondari hakuwahi kuniambia. Upande wenye if hauna would. Would iko upande wa pili siku zote. (Ipo moja ya adabu, mgeni anaweza kukuambia "if you would wait here, please", hiyo ni kuomba kwa heshima, iache kwanza.)

Nikajiuliza sasa sisi kwa nini tunaiweka? Jibu ni Kiswahili chetu wenyewe. Sisi tunasema "ningekuwa na gari ningekupeleka", nge huku na nge huku, pande mbili zinafanana kama mapacha. Kichwa kinatafsiri nge zote mbili kuwa would, inatoka "if I would have a car I would take you", na kwako wewe inasikika safi kabisa kwa sababu kwa Kiswahili ni safi. Mzungu hafanyi hivyo. Yeye nge ya kwanza anairudisha nyuma hatua moja kwenye wakati uliopita, "if I had a car", na wala haongelei jana, anakuonyesha tu kwamba gari halipo. Nge ya pili ndo inapewa would. Nilipoelewa hapo, taipu 2, yaani hii ya jambo ambalo halipo, niliimaliza siku hiyo hiyo baada ya kuhangaika nayo tangu fomu two.

Taipu 3 inatutesa kwa sababu ile ile. Kitabuni tuna nge na ngali, "tungaliwahi tungaliona jua likichomoza", lakini mtaani nani anasema ngali? Tunasema "tungewahi tungeona", nge inabeba ya leo na ya jana. Kiingereza hakikuruhusu. Kama jambo limeshapita na haliwezi kubadilika unarudi nyuma hatua mbili, "if we had left earlier, we would have seen the sunrise". Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo jiulize kwanza, hapa ningesema ngali? Kama ndiyo, basi ni had huku na would have kule. Hii "ngali" mnayoiona ya kizamani ndo itakayowasaidia.

Taipu 1 ni ki. "Mvua ikinyesha njia itateleza", if it rains, the path will be slippery. Kosa letu ni kuandika if it will rain, wakati ile ki haina nta wala ta ndani yake, tazama vizuri. Na "usipo" ni unless, kwa hiyo usiikanushe tena, unless you drink water, sio unless you don't drink.

Ile if ya ukweli wa siku zote, kila kitabu kinatoa mfano wa maji kuchemka nyuzi 100. Sisi wa mlimani tutoe wa kwetu, kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600 na maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 90, if you go higher, water boils at a lower temperature. Mgeni akikusikia unasema hivyo anakuheshimu.

Sasa vijana niwaambie ukweli. Mnataka dola, mnataka kupiga picha na wageni, lakini kadaftari hamtaki. Mnakariri majedwali ya taipu 1, 2, 3 kama namba za simu halafu mnalaumu Kiingereza kigumu. Jedwali halikufundishi kuongea. Sikiliza, andika, tafsiri kwa Kiswahili, angalia nge imekwenda wapi, kisha rudia. Andika tena. Mimi leo ni mwaka wa tano naongoza wageni mpaka kileleni na sina cheti cha chuo chochote cha lugha, nina madaftari manne kabatini.

Na wewe mdogo wangu wa Jumatatu, wakikuuliza "what would you do if", swali lenyewe limeshakupa njia, would ni yako, if iache kwao. Anza moja kwa moja, "I would check his breathing first, then I would tell the lead guide, and if he got worse, we would take him down." Got, sio would get. Itamke kwa sauti mbele ya mama au dada yako mara ishirini leo. Halafu usiku niandikie sentensi kumi zako mwenyewe, tano za ki na tano za nge, nitazisoma zote kabla sijapanda kesho asubuhi.