Kidonge kimebadilika rangi, dawa ni ileile

Swali: Mama yangu anatumia amlodipini ya presha. Mwezi huu famasi wamempa vidonge vya kampuni nyingine, bei nusu, rangi tofauti. Jirani anasema hizo ni kopi za wizi wa hataza na hazina nguvu. Nimtafutie "orijino"?

Jibu: Usihangaike. Mama aendelee na hivyohivyo, na apime presha kama kawaida yake.

Hili la kopi naulizwa karibu kila siku, na linanichosha. Hataza inasema nani peke yake aruhusiwe kutengeneza dawa, kwa kawaida miaka 20 tangu maombi yawasilishwe. Kuhusu ubora haisemi neno. Hiyo ni kazi ya mamlaka ya dawa. Hataza ya amlodipini ilikwisha zamani, hata Marekani ilikoma 2007, kwa hiyo anayeitengeneza leo hamwibii mtu. Anauza rahisi kwa sababu harudii majaribio makubwa ya mwanzo, tena ana washindani. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza mseto wa dawa za kufubaza VVU kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati wenye hataza walikuwa wakidai dola 10,000 na zaidi. Leo mamilioni wanaishi kwa vidonge ambavyo jirani yako angeviita kopi.

Halafu kuna waliosoma nusu ukurasa wakaja na "80 hadi 125", eti jenerika, yaani dawa ileile inayotengenezwa na kampuni nyingine, inaruhusiwa kuwa na asilimia 80 tu ya dawa. Sivyo hata kidogo! Hiyo ni mipaka ya kitakwimu ya kulinganisha dawa inavyoingia kwenye damu za watu waliopimwa, si kiasi kilichomo kwenye kidonge. (Zipo chache, kama warfarini ya kuzuia damu kuganda na baadhi ya za kifafa, ambazo daktari ajulishwe kabla ya kubadili kampuni. Amlodipini haimo.)

Cha kuogopa ni dawa bandia, na mghushi hupenda kuvaa jina kubwa, maana ndiko kwenye faida. Mzee mmoja aliniletea boksi la "orijino ya Ulaya" alilouziwa na mtu wa mkobani. Namba ya toleo kwenye boksi haikulingana na ya kwenye karatasi ya vidonge, na nilipopitisha kidole juu ya jina la dawa, wino ukanibaki mkononi. Alikuwa ameacha jenerika iliyosajiliwa ili ameze hiyo.