Majina ya ruzuku yabandikwe wapi?

Shikamoo mzee. Kila msimu tunajiandikisha kwa mbolea ya ruzuku, lakini orodha ya waliochukua hatujawahi kuitia machoni. Ni siri? (Msomaji, Njombe)

Marahaba mwanangu. Fedha ni za umma, siri ya nini? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuomba, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Peleka barua kwa mtendaji, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Njia fupi zaidi ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Omba jambo hili liwe ajenda inayojitegemea. Usingoje "mengineyo"; saa hiyo watu wameshasimama wanajikung'uta vumbi.

Kubandika majina kunasaidia nini? Mlaji atakula tu. (Songea)

Unazikumbuka vocha za pembejeo zilizoanza 2008? Mkulima wa mahindi alipewa za ekari moja: mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na mbegu. Serikali ililipa karibu nusu ya bei, yeye akajazia iliyobaki. Walengwa walichaguliwa na kamati hukohuko kijijini, kwa hoja kwamba wanakijiji wanajuana. Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen wakachambua takwimu za kaya za Kilimanjaro, na katika makala yao ya 2012 wakaonyesha kwamba vocha kama 60 kati ya kila 100 zilizogawiwa ziliishia kwenye nyumba za viongozi wa kijiji. Kweli walijuana!

Halafu kulikuwa na ule mchezo wa saini. Asiye na hela ya kujazia alitia saini vocha, akashikishwa vijisenti, mfuko ukaenda kwa mwingine. Kwenye makaratasi amepata. Mkaguzi kutoka Dodoma atalionaje hilo? Jirani ndiye analiona: mahindi ya fulani ni ya njano tangu yalipofika magotini, na orodha inasema alichukua mifuko miwili. Ndiyo maana nang'ang'ania ubao wa ofisi ya kijiji kwanza, tovuti ya wizara baadaye.

Mimi sitaki jirani ajue nimepewa nini. Sheria ya taarifa binafsi hainilindi? (Iringa)

Hoja yako ina uzito, na Ulaya walishaipeleka mahakamani. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitangaza majina ya wote wanaolipwa ruzuku ya kilimo. Wakulima wa Hessen, Ujerumani, wakapinga, na tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ikasema kumwanika kila mtu bila kuangalia kiasi alichopata kumepita kiasi. Kanuni mpya za 2013 zikarudisha majina, ila wapokeaji wadogo, wa hadi euro 1,250, wakafichwa.

Kwetu nako tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mimi ningechora mstari hivi: jina, kitongoji, idadi ya mifuko, basi. Namba ya simu, ya NIDA na ile ya kuchukulia mbolea zisiguse ubao. Zikibandikwa, matapeli watakupigia kabla gundi haijakauka.

Wenzetu wa Kenya wanaonyesha majina? (Tarime)

Kule mkulima aliyesajiliwa hupata vocha kwa ujumbe wa simu, lakini ujumbe humwambia ya kwake tu. Akitaka kujua ya wengine aombe. Sheria yao, nayo ya 2016, inaipa ofisi siku 21.

Nimeambiwa kwenye mfumo nimeshachukua mifuko mitatu. Sijachukua hata mmoja. (Mbozi)

Usianze kwa kugombana na wakala. Mwombe akuonyeshe tarehe na duka mifuko hiyo ilikouzwa, uandike palepale. Mbolea ya ruzuku huuzwa kwa namba ya mkulima, kwa hiyo kuna mtu aliyeitumia yako. Jiulize ulimwachia nani simu yenye namba hiyo. Kisha mtaarifu mtendaji kwa maandishi, na TAKUKURU kwa 113, bure. Nenda na mtu mzima mmoja wa kushuhudia, na ukipewa "soda" ili yaishe, usiinywe.