Nimemaliza kifungo, je, nihamie Arusha nisikojulikana?

SWALI: Ndugu Mshauri, nilihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa kosa la kuiba nikiwa mtumishi katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, na baada ya kupunguziwa theluthi moja nimerudi uraiani mwaka huu. Katika Gereza la Karanga nilijifunza kutengeneza viatu, tangu kukata ngozi hadi kubandika soli, na kazi ninaiweza. Hata hivyo, kila ninapoomba nafasi kwenye fremu za mafundi, Pasua au Majengo, mazungumzo hukatika mara mtu anapokumbuka habari ya duka lile. Nyumbani, nikiingia sebuleni, ndugu zangu huokota simu zao mezani. Mwanangu wa miaka 7 ameambiwa na bibi yake kwamba nilikuwa Mtwara kikazi. Ninafikiria kuhamia Arusha na kuanza upya bila kumsimulia mtu yeyote. Je, nitakuwa nimekosea?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa unayoyapitia. Kuhama si kosa. Kinachonitia shaka ni huko kutomsimulia mtu yeyote. Kutoka Moshi hadi Arusha ni takriban kilomita 80 tu, na wauza ngozi, soli na gundi huenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwa hiyo habari zako zitafika, na atakayezisikia kwa mwingine baada ya kukukabidhi ufunguo wa fremu yake atakuhesabia makosa mawili badala ya moja. Isitoshe, serikali ya mtaa utakakohamia inaweza kukudai barua ya utambulisho kutoka mtaa wako wa sasa.

Kuna jambo ambalo naona hujalipa uzito. Karanga ina jina katika viatu. Kiwanda cha hapo kimekuwa cha ubia kati ya Jeshi la Magereza na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, na fundi yeyote anajua kwamba aliyefundishwa huko amefundishwa kazi. Mahali unapopaona kuwa aibu ndipo palipokupa ufundi. Nenda chuo cha ufundi stadi cha VETA Moshi uulizie urasimishaji wa ujuzi, ambao humpima fundi aliyejifunza nje ya darasa na kumpa cheti. Ukiwa nacho, mwambie mwenye fremu kwa sentensi mbili: niliiba, nimetumikia kifungo, na kazi hii nimejifunza Karanga. Kisha omba ulipwe kwa jozi, bila kushika fedha za wateja, hadi yeye mwenyewe aone vinginevyo. Wengine watakataa hata hivyo, na wana haki ya kukataa. Baadaye, ukipata wenzako wa kuaminiana, ulizeni halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Kuhusu simu za ndugu zako, vumilia, wala usiwagombeze.

Mtoto ni suala jingine. Shuleni anasoma na watoto wa majirani waliokuona ukichukuliwa, na huenda ameshasikia. Mwambie mwenyewe, mama yake akiwepo, kwa maneno ya umri wake: baba alichukua fedha zisizo zake, akaadhibiwa, adhabu imekwisha. Akiuliza kwa nini alidanganywa kuhusu Mtwara, msimtupie bibi yake lawama.

Nimeisoma barua yako mara ya pili nikimtafuta mwenye duka, nami sikumwona. Kifungo umekitumikia kwa sheria, lakini yeye hasara yake bado anayo, na mafundi wa Pasua wanamsikiliza yeye kuliko wewe. Ikiwa ni mtu wa Uchagani, mtafute mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili aende nawe na jani la sale, kwa kuwa kwa mila ni vigumu mtu kumfukuza aliyelishika akiomba msamaha. Ikiwa si wa huko, mzee peke yake anatosha. Usiende mikono mitupu wala usiahidi usichokiweza: taja kiasi kidogo utakachomrejeshea kila mwezi, kiandikwe mbele ya huyo mzee, na utunze risiti. Arusha ifikirie ukishaanza kumlipa.