Jibu: Merian alijuaje kiwavi yupi huwa kipepeo yupi?

Ndugu, umeuliza Maria Sibylla Merian, mchoraji na mchunguzi wa wadudu, alijuaje kiwavi yupi huwa kipepeo yupi, zama ambazo wengi waliamini wadudu huzuka tu kwenye tope na uozo. Aliwafuga. Alianza na viwavi wa hariri huko Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1660, akiwa na miaka 13.

Ugumu uko kwenye chakula. Kiwavi wa hariri hula majani ya mforosadi, akiyakosa hula hata saladi. Lakini aina nyingi hukubali mmea wao tu. Utamwekea majani mabichi tele na atakufa njaa juu yake. Ndiyo maana michoro ya Merian humweka mdudu, tangu kiwavi, pupa (hatua ya kutulia ndani ya ganda) hadi kipepeo, juu ya mmea anaoula. Kwangu huo ndio ugunduzi wake mkubwa.

Ukijaribu, badilisha majani kila siku na ufute kinyesi; unyevu ukizidi, ukungu na magonjwa humaliza viwavi. Pupa ikitoa nyigu au nzi, usidhani umechanganya: mama yao alitaga ndani ya kiwavi au juu yake. Merian naye aliliona hilo, akaliandika.

Suriname, Amerika ya Kusini, alikwenda 1699 na bintiye Dorothea kuchunguza wadudu, akarudi 1701 akiwa mgonjwa. Kitabu chake cha wadudu wa huko, chenye picha 60, kilitoka 1705.