Redio mpya ndani ya kombi ya zamani: majibu kwa wasomaji

Mwezi huu maswali mengi yamekuja juu ya kombi za zamani, hasa zile za kulala zenye kitanda na kabati nyuma, na karibu wote mnauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, muziki. Nimechukua matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana ndani yake yamo mengi ambayo wengine nao wameuliza.

*Mtaalamu shikamoo. Nina kombi ya Volkswagen ya 1973 ya kulala. Redio yake ni ile ya asili ya vitufe vya kubonyeza, inashika AM peke yake, na spika ni moja tu iko kwenye dashibodi. Nimepata redio ya kisasa yenye Bluetooth imeandikwa 4 x 50 wati, nataka na spika nne. Fundi anasema haiingii mpaka akate dashibodi. Kweli hakuna njia nyingine?*

Marahaba. Mwambie fundi aweke msumeno chini kwanza, njia zipo.

Redio za enzi zile zina pua ndogo katikati na nobu mbili pembeni, kwahiyo dashibodi imetobolewa matundu matatu ya kuzifuata. Hizi za sasa zinataka tundu moja la mstatili, karibu sentimita 18 kwa 5, ndo maana fundi anawaza kukata. Ila bati la dashibodi ya miaka 50 ukishalikata umelikata, halirudi, na siku ukitaka kuirudishia redio yake utabaki unaangalia tundu. Mimi ningeiacha ya zamani ikae palepale inapendeza, halafu ile mpya niifiche kwenye kisanduku cha glavu au kabatini nyuma ya kiti, muziki unautuma kwa simu hivyo huna haja ya kuigusa kila saa. Njia ya pili, zinatengenezwa redio mpya zenye sura ya zamani na nobu mbili, zinaingia kwenye matundu yaleyale bila kukata kitu. Na kama redio yako ya asili bado inaongea, fundi wa elektroniki mwenye mkono mtulivu anaweza kuweka kadi ndogo ya Bluetooth ndani yake, sauti itabaki mono lakini kwa safari ya asubuhi madirisha wazi ina utamu wake.

Sasa hizo wati. Geuza redio uangalie fyuzi mgongoni, nyingi ni ya ampia 10. Injini ikiwa inawaka umeme wa gari ni kama volti 14.4, zidisha mara 10 unapata wati 144 ndo zinaingia zote kwa pamoja, sasa wati 200 zitatokaje? Ukweli redio ya namna hiyo inatoa kama wati 20 hivi kwa kila spika kwa mfululizo, na hizo zinatosha kabisa kwenye kombi mradi spika zako ziwe nyepesi kusukuma. Kwenye boksi la spika tafuta namba ya desibeli, usianze na wati. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 20 inapiga sawa na ya desibeli 89 iliyopewa wati 40, maana kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili. Watu wananunua ampu kubwa (kile kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti) wakati wangebadilisha spika tu.

Nakuomba sana uje kwenye waya. Kombi yako betri iko nyuma pembeni ya injini na dashibodi iko mbele, hapo katikati kuna mita kama 5 za waya wa zamani ambao ganda lake limeshakuwa gumu linapukutika. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 ukipitisha ampia 10 kwa umbali huo unapoteza volti 1 na zaidi njiani, yani redio inapata 11 na kidogo wakati betri ina 12 na nusu, ukiongeza sauti besi inapigwa inakata inapigwa inakata, halafu mtu anailaumu redio. Vuta waya mpya wa milimita za mraba 4, hapo unapoteza kama volti 0.2 tu. Fyuzi iwe karibu na betri, ndani ya nusu mita, sio kule mbele kwenye redio peke yake, kwasababu fyuzi kazi yake ni kuulinda waya na waya wote uliopo kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Na kumbuka huko nyuma ndiko iliko tenki ya petroli, kwahiyo kila mahali waya unapopita tundu la bati weka mpira wa kuuzunguka, bati la zamani lina makali na mtikisiko wa barabarani unalisaidia kukata.

Jingine, na hili lilinigharimu redio. Magari mengi ya zamani spika ilikuwa inapewa waya mmoja tu toka kwenye redio, upande wake wa pili umefungwa kwenye bodi ya gari. Redio za sasa haziko hivyo, waya zote mbili za spika ni hai na hakuna hata mmoja unaotakiwa kugusa bodi. Mimi nilifunga redio mpya kwenye spika ya zamani nikauacha ule upande wa bodi kama ulivyokuwa, nikawasha, ikasema tap, kikafuata kiharufu cha plastiki na haikuongea tena. Kwahiyo toa waya za zamani za spika zote, vuta mbili mbili mpya mpaka kwenye kila spika.

Kabla hujafunga spika hakikisha chanya na hasi yake kwa betri ya tochi ya volti 1.5. Gusa chanya ya betri kwenye chanya ya spika, hasi kwa hasi, mara moja tu, na uangalie karatasi ya katikati. Ikiruka kuja mbele umepatia, ikirudi ndani umegeuza. Spika moja ikigeuzwa kati ya mbili, moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, besi inakufa na sauti inakuwa kama inatoka nje ya gari.

*Ndugu mtaalamu, kila nikikanyaga mafuta spika zinalia wiiiii na mlio unapanda na injini. Nimebadilisha redio mara mbili. Kuna wakati pia nasikia tiki tiki tiki.*

Pole ndugu, redio zako zote mbili zilikuwa nzima bila shaka. Hizo ni kelele mbili tofauti.

Ile ya wiiiii ni ya alteneta, inaingia kwenye muziki kupitia athi mbovu, yani pale umeme unaporudi kupitia bodi ya gari. Anza na simu. Kama unaichaji garini na wakati huohuo umeichomeka kwa kebo ya sauti, ichomoe kwenye chaja, mlio ukipotea umeshaupata mwizi, tumia Bluetooth au weka kile kifaa cha kutenganisha athi kwenye kebo ya sauti. Kama haupotei na una ampu, chomoa kebo za sauti kwenye ampu injini ikiwa inawaka. Ukinyamaza, kelele inaingia kwa upande wa redio au hizo kebo. Ukiendelea, ni umeme wa ampu yenyewe. Kebo za sauti zipite upande mmoja wa gari na waya mnene wa betri upite upande mwingine, msizifunge pamoja kwa tepu eti zikae nadhifu.

Halafu athi. Mara nyingi nakuta imefungwa kwa skrubu juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Kwangua kwa msasa mpaka uone bati linang'aa, funga kwa bolti na nati, kaza, kisha paka grisi juu isishike kutu. Redio na ampu zishike sehemu moja. Na kwenye kombi ya Volkswagen lala chini ya gari uangalie ule mkanda wa waya uliosukwa unaotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye bodi, injini imekaa juu ya mipira kwahiyo mkanda ule ndo njia yake kuu ya athi. Ukikuta umekuwa wa kijani na nyuzi nusu zimekatika badilisha leo, hata stata itakushukuru.

Tiki tiki ni moto wa plagi unaoingia kwenye redio kama mawimbi. Weka waya za plagi au vifuniko vya plagi vyenye ukinzani ndani, angalia kama kondensa ya kuzuia kelele kwenye koili inayotengeneza moto wa plagi bado ipo, na kitako cha antena kishike bati tupu. Antena iliyokaa juu ya kutu inaokota injini yako vizuri kuliko kituo cha redio.

*Nimeweka spika za inchi 6 na nusu milangoni, za maana kabisa, lakini besi hakuna na mlango unatetema mpaka vikombe kabatini vinalia. Ninunue sabufa?*

Bado, dada, subiri kwanza ufanye jaribio hili. Chukua spika moja ishike mkononi ikiwa inapiga, utasikia kisauti chembamba kama cha simu. Sasa chukua katoni, toboa tundu la ukubwa wa spika, ibandike hapo. Besi inakuja palepale, spika ileile, redio ileile. Sababu ni kwamba spika inasukuma hewa mbele na kuvuta nyuma kwa pamoja, bila ukuta wa kuzitenganisha zinafutana. Mlango wako ni hiyo spika ya mkononi, mashimo kila mahali na kadibodi ya ndani imelegea.

Kwahiyo toa kadibodi, gonga bati kwa kifundo cha kidole, litalia ngwaaa. Safisha kwa spiriti, kutu ikiwepo itibu kwanza usije ukaifunika ikaendelea kula chini kwa chini, halafu bandika zile shiti za mpira wa byutaili zenye karatasi ya aluminiamu, kaza kwa rola ndogo. Huna haja ya kufunika bati lote, robo mpaka theluthi yake pale katikati inatosha, gonga tena utasikia du. Usinunue zile shiti za lami, zinalainika juani na kutiririka. Mashimo makubwa ya bati la ndani yaziba, lakini vitundu vya chini kabisa vya kutolea maji ya mvua USIVIZIBE, mlango utaoza. Spika ifunge kwenye pete ya mbao iliyokazwa kwenye bati lenyewe na sio kwenye kadibodi. Na kabla ya kupima kina shusha kioo mpaka mwisho, wengi wanapima kikiwa juu halafu siku ya joto wanashusha kioo kinakutana na sumaku.

Vikombe vitenganishe kwa vitambaa. Ukishamaliza hayo ndo uamue kuhusu sabufa, na ukiitaka nafasi iko chini ya kitanda, sanduku dogo lililofungwa kila upande. Ampu usiifiche chini ya mablanketi, inahitaji kupumua, na kamwe usiiweke kabati moja na mtungi wa gesi.

*Tukipiga kambi tunasikiliza muziki jioni, asubuhi gari haiwaki. Redio imefungwa waya wa njano na mwekundu pamoja ili iwake bila ufunguo.*

Hapo ndipo tatizo lilipo. Njano ni ya kumbukumbu ya redio, inakaa na umeme muda wote, mwekundu unatakiwa uje na ufunguo. Mkiunganisha redio haizimiki mpaka mtu akumbuke kuibonyeza, na jioni mmekumbuka mangapi? Redio ya sauti ya wastani inakula kama ampia 3, masaa sita ni ampia-saa 18, ukiwa na ampu mara mbili ya hapo, na betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kwa kunyonywa polepole namna hiyo. Weka betri ya pili ya kambini, muziki na taa vyote vitoke huko, na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) kati ya betri mbili inayoziunganisha injini ikiwa inachaji tu. Kebo inayounganisha betri hizo iwe na fyuzi ncha zote mbili. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, ukipima ikiwa imepumzika volti 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, zima muziki mlale.

Kama gari inakaa miezi bila kutembea ule waya wa njano nao uwekee swichi. Kumbukumbu ikivuta miliampia 15 inaonekana si kitu lakini kwa siku 30 ni karibu ampia-saa 11.

*Kombi yangu ni ya 1964. Hizi redio zitakubali?*

Hesabu vifuniko vya betri yako. Vitatu ni volti 6, sita ni volti 12, kila chumba ni volti 2. Volkswagen zilihamia volti 12 kuelekea modeli za 1967, kwahiyo yako ilizaliwa na 6, ila nyingi zimeshabadilishwa na wenyewe, ndo maana nasema hesabu, usiamini mwaka. Ikiwa bado ni 6 usiichomeke redio moja kwa moja, tumia kifaa cha kupandisha 6 kuwa 12, na kumbuka upande wa 6 kitavuta ampia zaidi ya mara mbili, kwahiyo waya wa kukilisha uwe mnene. Wenzako wenye magari ya Uingereza ya miaka hiyo waangalie na jambo lingine, mengi yalifunga chanya ya betri kwenye bodi badala ya hasi. Redio ya sasa yenye kava la bati ukiifunga kwa skrubu kwenye bodi ya namna hiyo na waya wake mweusi upo kwenye hasi, umepiga shoti kabla hujagusa hata swichi. Fuata kebo nene toka kwenye betri mpaka uone inaishia wapi, kisha ndo ufungue boksi la redio.