Ejenti wa AI kapewa databezi ya chama, niandike nini kwenye maelezo?

SWALI: Dada habari za kazi. Niko Mwanza, nina programu ndogo nimeandika mwenyewe ya kusimamia databezi ya saccos yetu, iko juu ya PostgreSQL (mfumo wa kuhifadhi databezi), ina amri kama sita hivi, kutafuta mwanachama, kutoa ripoti, kusafisha rekodi zilizojirudia n.k. Zamani tulikuwa tunaitumia mimi na vijana wangu wawili, sasa hivi wao wanampa ejenti wa AI, yaani programu ya akili bandia inayopiga amri yenyewe, ndo aiendeshe. Wiki iliyopita akapiga amri ya safisha kwenye data halisi akidhani yuko kwenye majaribio, bahati bakapu ya usiku ilikuwepo. Nikiandika maelezo marefu zaidi ya jinsi ya kutumia hizo amri itatosha au nimkataze kabisa? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa hiyo bakapu maana wengi wanaikumbuka baada ya msiba.

Urefu hautakusaidia. Maelezo yako uliyaandikia watu unaokaa nao ofisini, kijana akikutana na neno "safisha" na hana uhakika anakuita tu, "bro hii inafuta kabisa?" Ejenti mara nyingi haulizi, anasoma ulichoandika na palipo na pengo anajaza mwenyewe kwa kufananisha na programu zingine. Kwahiyo kila amri, mstari wa kwanza kabisa kabla ya mfano wowote, useme inasoma tu au inabadilisha, inabadilisha nini, na je kinarudishika. Mfano: "safisha: INAFUTA rekodi kwenye tebo ya wanachama. Hairudishiki bila bakapu. Anza na --jaribu, mwonyeshe mtu orodha, subiri akubali." Na hiyo --jaribu, yaani kuonyesha kitakachofutwa bila kufuta, uitengeneze kweli, isiwe neno la kwenye maelezo tu.

Halafu mifano. Ejenti anainakili mfano ulivyo, ukiwa umeweka jina la databezi halisi ndo humo humo ataingia, weka ya majaribio kila mahali.

Kuna kosa moja naliona sana, watu wanaandika "kabla ya kufuta angalia kwanza kwa EXPLAIN ANALYZE". Jamani! EXPLAIN peke yake inaonyesha tu mpango wa jinsi PostgreSQL itakavyotekeleza kauli, ila ukiongeza ANALYZE PostgreSQL inaitekeleza kauli yenyewe, yaani ukiweka DELETE (kauli ya kufuta) hapo rekodi zinaondoka kweli, labda uwe umeanza na BEGIN ukamaliza na ROLLBACK, inayotengua yote yaliyofanyika tangu BEGIN. Hilo liandike wazi.

Ujumbe wa kosa nao ni maelezo. "Imeshindikana" bila kingine inamfanya ajaribu njia nyingine, na hiyo njia nyingine ndo inatisha. Sema kilichoshindikana, sema hakuna kilichobadilika, sema asimame amwite mtu. Na programu ikifeli irudishe kodi ya kumalizia (exit code) isiyo sifuri, ikirudisha 0 ejenti atadhani kazi imekwisha na atakuambia imekwisha.

Sasa kuhusu kumkataza, hapa nakuomba unielewe vizuri, maandishi hayamzuii mtu wala ejenti kufanya kitu, kinachozuia ni ruhusa za databezi yenyewe. Mtengenezee akaunti yake yenye GRANT SELECT tu, yaani ruhusa ya kusoma peke yake, tena kwenye tebo anazohitaji, usimpe ile uliyoundia tebo maana mwenye tebo anaweza kuidondosha muda wowote. Wengine wanaweka default_transaction_read_only, mpangilio wa PostgreSQL unaofanya kila kitu kiwe cha kusoma tu, wanalala usingizi, inasaidia kwa bahati mbaya za kawaida lakini aliyeingia anaweza kuizima mwenyewe kwa amri ya SET, sio kufuli hiyo. Namba za simu na vitambulisho vya wanachama asivione kabisa, tengeneza viyuu (view, mwonekano wa tebo wenye safu ulizochagua tu) isiyo na safu hizo na umpe SELECT ya hiyo viyuu badala ya tebo, kwasababu kama ejenti wenu ni wa huduma ya mtandaoni anachosoma kinatoka nje ya ofisi yenu na wanachama hawajawaruhusu hilo.

Ukimaliza, chukua nakala yenye data za kubuni, fungua kikao kipya cha ejenti, mpe maelezo yako na umwambie "punguza rekodi zilizozidi", basi, usimfafanulie. Akifuta bila kuuliza itafute sentensi iliyomfanya aone ni sawa, irekebishe, rudia tena kwa kikao kingine kipya. Na hao vijana wawili wakae pembeni yako siku hiyo waone.