Samadi inashuka hadi kwa jirani: serikali inasaidia nini?

Mkuu, umeuliza hivi: una ng'ombe wanne wa maziwa hapo Kisesa, mvua ikinyesha samadi inashuka mpaka uani kwa jirani, mtendaji ameshakuja mara mbili, na unataka kujua kama serikali inatoa hela ya kujengea sehemu ya kuihifadhi. Nimefuga miaka kumi na moja pembezoni mwa jiji la Mwanza na kesi kama yako ilinipata, kwa hiyo nakuandikia nilichopitia mwenyewe.

Hela ya mkononi kwa ajili ya samadi sijawahi kuiona, wala simjui aliyeipata. Ule mpango wa biogesi majumbani, yaani gesi ya kupikia inayotokana na samadi, ulioanza 2009 chini ya CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha Arusha, ulikuwa na ruzuku, na mpaka leo kuna watu wanausimulia kama vile bado unagawa. Usiuweke kwenye hesabu zako. Msaada nilioushika mimi ulitoka kwa bwana mifugo wa kata, na kwenye mkopo wa kikundi.

Kosa langu ni kwamba bwana mifugo nilimruka. Nikaokota fundi aliyeniambia ameshajenga mitambo ya biogesi kibao. Tukachimba, na wewe unaijua Mwanza: hata mita moja na nusu hatujafika tukakuta jabali. Tukachoma kuni na matairi juu yake siku tatu, tukamwagia maji, tukapiga nyundo, likatoka kipande cha kukalia mtu mmoja. Fundi akasema haina neno, tutapandisha kuba, ile paa ya mviringo inayokusanya gesi, juu kidogo. Mkuu, kuba la biogesi linafukiwa kwa sababu: gesi ikijaa inalisukuma kwenda juu, na uzito wa udongo ndio unaolishikilia. Langu likabaki nusu nje kama upara wa mzee. Mwezi wa pili likapata ufa. Nilipaka maji ya sabuni nikaona mapovu yanapanda mstari mzima. Fundi simu haipokei.

Hapo ndipo nikaenda kumwita bwana mifugo, kwa aibu. Ushauri wake sikuulipia, nilimwekea tu mafuta ya pikipiki. Alipofika, samadi hakuiangalia. Aliangalia bati. Akaniambia, "Mzee, mavi yako siyo mengi, maji ndiyo mengi." Mvua yote ya paa la banda ilikuwa inadondokea uani, inachukua samadi na kuondoka nayo. Tukafunga gata, maji yakaenda kwenye simtanki. Sakafu tukaipiga saruji yenye mteremko kuelekea kona moja, hapo kona tukachimba shimo lenye paa lake. Upande wa chini tukapanda matete mistari mitatu, yanakamata kinachoponyoka na ng'ombe wanayala. Malalamiko ya jirani yaliishia hapo, na gharama yote haikufika hata nusu ya lile kuba. Kwa hiyo anzia kwenye bati, biogesi itakukuta mbele.

Mtambo wa pili nilijenga baadaye, sehemu isiyo na mwamba, na fundi aliyeonyeshwa na bwana mifugo. Ni wa mita za ujazo 6. Kila asubuhi unakula ndoo tatu za samadi na tatu za maji. Usiogope gesi ya mwanzo ikikataa kuwaka, ile ni hewa chafu tu, iachie itoke. Tope linalotoka nalipeleka kwenye migomba.

Sasa mkopo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Mimi mwanaume wa miaka hamsini na kitu siingii popote hapo, aliyeingia ni mama watoto na kikundi chake. Andiko lao la kwanza lilizungumzia "kutunza mazingira", likarudishwa. La pili likasema wanakausha samadi, wanaipakia kwenye viroba na kuwauzia wanaolima mboga. Likapita. Wanaokaa kwenye ile kamati wanataka kuona hela itarudije, hilo liandike mwanzoni kabisa.

Kuhusu mizoga, maana najua utauliza: ng'ombe akifa ghafla na damu inamtoka puani, usimchune, usimpasue, usigawe nyama. Inaweza kuwa kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu. Mpigie bwana mifugo akuelekeze namna ya kumfukia. Na usije ukafanya kama yule mwenzetu aliyemburuta ndama wake hadi ziwani usiku, asubuhi akamkuta amerudishwa na mawimbi palepale wanapochota maji.

Ukisogea ufukweni kumbuka pia zile mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inazikinga. Shimo la samadi la kudumu usilijenge ndani yake hata kama eneo ni la babu yako.

Niandikie hapa bati lako linamwaga maji upande gani na mteremko unaelekea wapi, nikuchoree mahali pa kuweka shimo.